Salfaidi za metali kwenye asidi: sampuli tatu za Migori, moja inanuka, mbili zimekaa kimya

#1 JiweLaMigori

Wadau wa kemia, hamjambo. Kuna sampuli tatu za mwamba zimeletwa kutoka Migori. Zimesagwa hadi zikapita chekecho la mikroni 75. Kila moja imepimwa gramu 0.5 kwenye neli, ikatiwa mililita 10 za HCl (asidi ya haidrokloriki) ya 3 M, yaani moli 3 kwa lita, baridi kwanza, kisha neli ikawekwa ndani ya sufuria ya maji moto.

A ni ya hudhurungi iliyokolea na inashikwa na sumaku. Inatoa mapovu papo hapo, inanuka yai viza, na karatasi ya asetati ya risasi, inayoonyesha gesi ya H2S (haidrojeni salfaidi), imekuwa nyeusi tii.

B ni ya manjano inayong'aa, ile ambayo wageni huidhania dhahabu. Nusu saa kwenye maji moto, hakuna kitu.

C ni ya kijivu, nzito, na ikigongwa inavunjika kwa pembe za mraba. Kwenye 3 M imekaa kimya. Kwenye HCl kali ya moto inayeyuka polepole, lakini neli ikipoa zinaota sindano nyeupe.

Zote tatu zinaitwa salfaidi, yaani metali iliyoungana na salfa. Mbona asidi ile ile inazibagua? Pili, zinatakiwa ziyeyuke zote zisomwe kwa AAS (mashine inayopima metali kwa mwanga zinaoufyonza): shaba, zinki, risasi na fedha. Nimejaribu hesabu za Ksp (kigezo cha uyeyukaji) za kitabuni, namba zinazotoka hazifanani na kinachoonekana kwenye neli.

#2 KabatiLaMoshi

Kabla ya hesabu, hiyo A. Umefanyia wapi? Kama ni kwenye meza ya wazi, acha kwanza.

Gramu 1 ya FeS (salfaidi ya chuma) ikiyeyuka yote inatoa karibu mililita 280 za H2S. Chumba cha mita 3 kwa 4, dari mita 2.5, ni lita 30,000. Hiyo gramu moja peke yake inakifikisha chumba kizima kwenye sehemu 9 kwa milioni, na kiwango ambacho viwanda vingi hukitumia kama kikomo ni 10. Ukitumia gramu 10 umefika karibu na 100, na hapo ndipo pua inapoacha kunusa. Watu wengi huhadaika hapa: harufu ikipotea wanadhani hewa imesafika, kumbe mshipa wa kunusa ndio umelala. Ikivuka 500 mtu anaanguka. Gesi yenyewe ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni na kujaa mashimoni.

Fanya ndani ya kabati la moshi. Kama huna, tumia kiasi kidogo mno (gramu 0.1), fanyia nje upepo ukiwa mgongoni, na ielekeze gesi kwa mpira kwenye mililita 100 za NaOH (soda kali) ya 2 M. Mwisho wa mpira ufunge faneli iliyopinduliwa, ukingo wake uguse tu uso wa maji. Ukiuzamisha mpira wenyewe, neli ikipoa itavuta soda irudi ndani ya asidi. Na ile soda iliyokwisha kunywa gesi isikutane tena na asidi hata siku moja, maana itairudisha yote kwa mkupuo.

#3 MizaniKali

Sasa hesabu. Ndugu JiweLaMigori, kosa si lako, ni la jedwali.

Vitabu vya zamani vinaiandika salfaidi kama inavunjika kuwa M²⁺ (ioni ya metali; M hapa si moli kwa lita) na S²⁻, halafu vinakupa Ksp. Lakini S²⁻ ndani ya maji haipo kwa kiasi cha kuzungumzia. Hatua ya pili ya kuvunjika kwa H2S (namba yake ni Ka2) ilikuwa ikiandikwa 10⁻¹³ au hapo karibu. Tangu miaka ya 1980 vipimo vimeishusha hadi karibu 10⁻¹⁹. Ukichukua Ksp kutoka jedwali jipya na Ka2 kutoka kitabu cha zamani, jibu lako linakosea mara milioni. Ndiyo maana namba zako hazifanani na neli.

Njia safi ni kuiacha S²⁻ kabisa. Andika kinachotokea kweli:

MS + 2H⁺ → M²⁺ + H2S

Kigezo chake tukiite Kspa, yaani [M²⁺][H2S] gawanya kwa [H⁺]², mabano yakimaanisha moli kwa lita na H⁺ ikiwa ioni ya asidi. Kwa nyuzi 25 namba ni hizi: MnS ya waridi 3×10¹⁰, FeS 6×10², ZnS ya umbo la wurtzaiti 3×10⁻², ZnS ya sfaleraiti 2×10⁻⁴, SnS 1×10⁻⁵, CdS 8×10⁻⁷, PbS 3×10⁻⁷, CuS 6×10⁻¹⁶, Ag2S 6×10⁻³⁰, HgS nyeusi 2×10⁻³². Mn ni manganizi, Fe chuma, Zn zinki, Sn bati, Cd kadimiamu, Pb risasi, Cu shaba, Ag fedha, Hg zebaki. (Ya Ag2S inatumia [Ag⁺] mraba, usiilinganishe na nyingine kwa macho tu.)

Kutoka juu hadi chini kuna tarakimu zaidi ya 40. Hakuna asidi inayoweza kuruka pengo hilo kwa ukali peke yake.

Chukua myeyusho ulioshiba H2S, kama 0.1 M. Kwenye H⁺ ya 3 M, chuma kinachoweza kukaa majini ni 600 × 9 ÷ 0.1. Jibu ni 54,000 M, namba isiyo na maana kimwili, ila inasema FeS haina pa kujificha. Sfaleraiti inatoa 0.018 M. PbS inatoa 2.7×10⁻⁵ M. CuS, hata ukiiwekea HCl ya 12 M, inatoa kitu kama 10⁻¹² M. Unaweza kuichemsha hadi jioni.

Kuna jambo ambalo hesabu hii inalionyesha na wengi hulipita: H2S imo kwenye mlinganyo. Ikiondoka, salfaidi inaendelea kuyeyuka. Sfaleraiti kwenye neli iliyozibwa itasimama katikati. Kwenye bika wazi linalochemka, ndani ya kabati, itaisha yote. Kwa hiyo mtu akikwambia "zinki salfaidi haiyeyuki kwa HCl", muulize alikuwa ameziba au ameacha wazi.

#4 Oduor_Kemia

Omera, hiyo ya PbS haijakaa sawa. Umesema 2.7×10⁻⁵ kwenye 3 M. Ukienda 12 M, mraba wa 12 ni 144, unapata 4×10⁻⁴ tu. Mbona C ya mwenzetu imeyeyuka kwenye HCl kali?

#5 MizaniKali

Umeuliza vizuri. Kazi hiyo haifanywi na H⁺ peke yake, kloraidi (Cl⁻ ya HCl) nayo inavuta upande wake. Kwenye HCl kali, risasi inashikwa na Cl⁻ kuwa PbCl3⁻ na PbCl4²⁻, kwa hiyo Pb²⁺ iliyo huru inabaki kidogo na mlinganyo unaendelea kusogea. Tena joto linaifukuza H2S. Yote mawili kwa pamoja ndiyo yanayoishinda galena (madini ya PbS). Asidi ya salfuriki yenye H⁺ nyingi vile vile haiwezi kazi hiyo, maana inageuza uso wa chembe kuwa PbSO4 (salfeti ya risasi) nyeupe na kuufunga.

Sindano zinazoota ni PbCl2. Kwenye maji ya nyuzi 20 inayeyuka gramu 1 kwa mililita 100, kwenye maji yanayochemka zaidi ya gramu 3. Mimina asidi kando kwa uangalifu, ongeza maji ya moto juu ya sindano, zitatoweka. Tone moja la iodaidi ya potasiamu likikupa mashapo ya manjano ya dhahabu, C ni galena. Sihitaji kuona AAS.

#6 Sindo55

A ni pirotaiti, si FeS ya dukani. Sumaku imeshasema. Fomula yake ina upungufu wa chuma, mfano Fe7S8, kwa hiyo hata iyeyuke vizuri itaacha salfa:

Fe7S8 + 14H⁺ → 7Fe²⁺ + 7H2S + S

Ule unga mweupe-manjano unaobaki chini usiuite mchanga. Na kama sampuli ina kutu, Fe³⁺ itaikamata H2S na kuigeuza salfa, myeyusho unakuwa kama maji ya maziwa. Mtu asiyejua hudhani ni mashapo ya zinki.

#7 JiweLaMigori

Asanteni. Kweli kwenye A kuna unga wa rangi hiyo. Sasa B imebaki. Kama ni pairaiti, FeS2, chuma ni kile kile. Mbona haitikisiki?

#8 MizaniKali

Kwa sababu pairaiti si salfaidi kwa maana tuliyokuwa nayo hapo juu. Ndani yake salfa zimeshikana mbili mbili, S2²⁻. H⁺ inatafuta S²⁻ ya kuigeuza H2S, na hapa haipati. Ksp haikuhusu tena. Pairaiti haiyeyuki kwa asidi, inaunguzwa na kioksidishaji. Ama asidi ya nitriki, ama Fe³⁺:

FeS2 + 14Fe³⁺ + 8H2O → 15Fe²⁺ + 2SO4²⁻ + 16H⁺

Angalia upande wa kulia: H⁺ kumi na sita. Badala ya kula asidi, inatengeneza. Marundo ya mabaki ya migodi ya zamani yenye pairaiti hutoa maji makali yenye rangi ya kutu kwa sababu hiyo, na hakuna mtu aliyemwaga asidi pale.

Lakini usikimbilie kuiita B pairaiti. Kalkopairaiti, CuFeS2, nayo ni ya manjano na nayo imekaa kimya kwenye HCl. Ikwaruze kwa kisu: kalkopairaiti inakwaruzika, pairaiti inakikwaruza kisu.

#9 KabatiLaMoshi

Utaratibu wa kuyeyusha kwa AAS, kwa sampuli usiyoijua. Fuata mpangilio huu huu, usiugeuze.

Pima gramu 0.5 kwenye bika la mililita 250. Lowesha kwa matone ya maji, vinginevyo unga mkavu utarukaruka. Weka mililita 10 za HCl kali, funika kwa kioo cha saa, pasha bila kuchemsha kwa dakika 15 hadi 20, hadi karatasi ya asetati ya risasi ikome kuwa nyeusi. Hapa pirotaiti, sfaleraiti na galena zimetoka, na salfa yake imeondoka kama gesi. Acha ipoe. Sasa ongeza mililita 5 za asidi ya nitriki kali, kidogo kidogo, moshi wa kahawia ukitulia ndipo uongeze tena. Pasha nusu saa. Punguza hadi ibaki kama mililita 5, usikaushe. Ongeza mililita 25 za HCl kali, pasha kidogo, hamishia chupa ya mililita 100, jaza kwa maji hadi alama.

Kwa nini HCl itangulie? Ukianza na nitriki, salfa yote inabaki bikani. Nusu inakuwa matone ya njano yanayoelea na kuzifungia chembe ambazo hazijayeyuka. Nusu inakuwa salfeti, na risasi yako inaanguka kama PbSO4. Halafu mtu anasoma risasi ndogo na kuandika ripoti kwamba haipo.

Kwa nini HCl nyingi mwishoni? Fedha. Kwenye HCl nyepesi inaanguka kuwa AgCl. Kwenye chupa yenye robo HCl kali inabaki juu kama AgCl2⁻, mradi iwe kidogo. Sampuli tajiri wa fedha ichukuliwe kivyake kwa nitriki pekee, bila tone la kloraidi, na maji yawe yaliyotoneshwa. Ya bomba yana kloraidi.

Shaba ya asilimia 1 kwenye mpango huu inakupa miligramu 50 kwa lita. Hiyo ni kubwa kwa mstari wa mwanga wa nanomita 324.7, punguza mara kumi au ishirini kabla ya kusoma.

Moshi wa kahawia nao si wa kuchezea. Mtu huuvuta, akakohoa kidogo, akaenda nyumbani mzima, na mapafu yanajaa maji usiku.

#10 Mchimbaji_Kakamega

Wataalamu, samahani kuingilia. Huku kuna mwamba wenye salfaidi nyingi na sayanaidi haikamati dhahabu vizuri. Kuna anayeuza wazo la kuuosha kwanza kwa asidi ya betri. Itasaidia?

#11 Sindo55

Hapana mzee, na inaweza kuua.

Asidi ya betri ni asidi ya salfuriki, karibu 4.8 M ikiwa mpya. Dhahabu iliyofungiwa iko ndani ya pairaiti na asenopairaiti (salfaidi ya chuma na aseniki), na hizo mbili ndizo zisizoguswa na asidi hiyo. Itakula chokaa iliyomo kwenye mwamba na kutoa povu jingi, itaila pirotaiti na kutoa H2S, galena itavaa koti jeupe. Umelipia asidi na dhahabu iko pale pale ilipokuwa.

Hatari kubwa ni tangi linalofuata. Sayanaidi inabaki majini pH ikiwa 10.5 hadi 11. Nusu yake inakuwa gesi ya HCN pH ikifika 9.2, na ikishuka chini ya 8, karibu yote. Mwamba uliolowa asidi ukiingia kwenye tangi hilo, hesabu hiyo inageuka kwa dakika chache.

Kama tatizo ni pirotaiti, inayokula oksijeni na sayanaidi, tiba iko upande mwingine wa pH: koroga na chokaa na hewa kwa saa kadhaa kabla ya sayanaidi kuingia, chuma kijivike ganda la haidroksidi. Kama tatizo ni asenopairaiti, hapo ni kazi ya kiwanda, usiichome kwenye tanuru la wazi. Moshi wake ni aseniki.

#12 Mwalimu_wa_Kidato

Niulize la darasani. Ule mstari wa 0.3 M wa HCl katika utenganisho wa kale wa metali kwa H2S (baadhi zinaanguka kama salfaidi ndani ya asidi hiyo, nyingine zinabaki majini), namba hiyo ilitoka wapi?

#13 MizaniKali

Mwalimu, tumia zile zile Kspa. Kwenye 0.3 M, mraba ni 0.09, gawanya kwa 0.1 unapata 0.9. Kwa hiyo kiasi kinachobaki majini ni takriban Kspa yenyewe. Namba imechaguliwa vizuri. PbS na CdS zinaanguka karibu zote, zinabaki chini ya 10⁻⁶ M. FeS na MnS hazianguki. Zinki imekaa kwenye ukingo: ikianguka kama sfaleraiti ingebaki 2×10⁻⁴ M tu, lakini mashapo mapya hayana umbo hilo lililotulia, na yanachelewa. Mwanafunzi akichuja upesi, zinki inapita. Akiacha hadi kesho, anaikuta chini pamoja na shaba.

Asidi ikiwa 1 M badala ya 0.3, kadimiamu inapita na chuma, ikisaidiwa na kloraidi. Ikiwa 0.05, zinki inaanguka mapema. Makosa mengi ya zoezi hili yako kwenye kupima asidi: HCl ya asilimia 36 ni karibu 11.6 M, kwa hiyo mililita 26 kwa lita moja. Watu humimina kwa macho.

Kioja kingine ni nikeli na kobalti. Hazianguki kwenye 0.3 M, inabidi uongeze amonia. Lakini zikishaanguka na kukaa, ukizirudishia HCl nyepesi ya baridi hazirudi. Mashapo yamejipanga upya kuwa umbo gumu zaidi. Anayeamini kwamba njia ya kwenda ndiyo ya kurudi hapa atakwama.

#14 NgoziNakuru

Naongeza kutoka upande wa viwanda, maana huku Nakuru salfaidi hainunuliwi kama mwamba, inakuja kwa gunia. Kunyoa manyoya ya ngozi hutumia salfaidi ya sodiamu na chokaa, pH 12 na zaidi. Hatua za mbele, kabla ya kutiwa kromu inayoihifadhi, ngozi inalazwa kwenye asidi na chumvi, pH chini ya 3. Maji ya hatua hizi mbili yakikutana kwenye mfereji mmoja, mfereji wenyewe unakuwa neli ya JiweLaMigori, ila ni ya mita za ujazo. Na hapa hakuna metali ya kuizuia salfaidi. Na2S inayeyuka kwa maji matupu, kwa hiyo gesi inatoka yote mara moja.

Dawa ni kuyatenga maji ya kunyoa, kuyapulizia hewa pH ikiwa bado juu, na kuweka salfeti ya manganizi kidogo kama kichocheo. Ndipo yaunganishwe na mengine. Tena kromu haianguki kama salfaidi, inaanguka kama haidroksidi, kwa hiyo usitegemee salfaidi iliyobaki ikusafishie kromu.

Wa mabomba ya mvuke nao wajue: lile ganda jeusi ndani ya bomba lenye H2S mara nyingi ni FeS. Ukiliosha kwa HCl linatoa gesi kama sampuli A. Ukilikwangua kavu, linaweza kuwaka lenyewe likigusana na hewa, kwa hiyo liwe limelowa muda wote.

#15 TopeLaWinam

Kwa wanaopima tope la ziwa, kanuni ni hiyo hiyo. Tope linatiwa HCl ya 1 M baridi, linapulizwa naitrojeni kwa saa moja, H2S inanaswa kwenye soda kali. Salfaidi iliyotoka inalinganishwa, kwa moli, na metali zilizotoka pamoja nayo. Salfaidi ikizidi, kadimiamu, risasi na zinki zimefungwa na hazimfikii mdudu wa topeni.

Ila shaba inadanganya. CuS haitoki kwa HCl ya 1 M, kama mlivyokwisha kuonyesha, wala pairaiti haitoki. Usomapo shaba sifuri kwenye maji hayo, usiandike kwamba tope halina shaba. Na sampuli isikae wazi: FeS ya topeni ikiguswa na hewa inaoza haraka, weusi unageuka kahawia mbele ya macho yako. Jaza chupa hadi shingoni, funga, weka kwenye barafu.

#16 JiweLaMigori

Matokeo ya leo. C: sindano zimeyeyuka kwa maji ya moto, iodaidi imetoa manjano. B: imekwaruzwa na kisu. Baada ya HCl haikubadilika, nitriki ilipoingia ikatoa moshi wa kahawia na kuacha matone mawili ya salfa yanayoelea. Tone la myeyusho likiongezwa amonia nyingi: mashapo mekundu ya kutu chini, buluu iliyokolea juu.

Kwa hiyo kalkopairaiti. Je, haya maji ya risasi kutoka C yamwagwe wapi?

#17 KabatiLaMoshi

Yasiende kwenye sinki. Kwanza ongeza soda magadi polepole hadi povu likome na pH ifike 8 au 9, ipime kwa karatasi, usikisie. Ndipo utie salfaidi ya sodiamu kidogo kidogo hadi tone lisiongeze weusi. PbS yote itashuka. Chuja, funga karatasi kwenye mfuko wa taka za metali, andika tarehe.

Soda kwanza, salfaidi baadaye. Ukianza na salfaidi kwenye hayo maji ya asidi, unarudi kwenye post namba 2.